Kifua cha Subedari

Vatsala Shelar alifundisha historia katika sekondari ya Borjaiwadi mpaka nywele zikamgeuka nyeupe, na hata alipostaafu hakuacha kusahihisha watu. Alimsahihisha daktari wa zahanati kuhusu mwaka aliozaliwa daktari mwenyewe. Alimsahihisha kondakta wa basi jekundu la serikali kuhusu njia ya kwenda Satara, njia ambayo kondakta alikuwa akipita kila siku. Kijiji kizima kilimwita Mwalimu. Akionekana kwa mbali na sari yake nyeupe yenye pindo la kijani, watu waliokuwa wamechuchumaa walisimama, hata wazee ambao hawakuwahi kukanyaga darasa lake.

Kitu kimoja tu hakuwahi kukitilia shaka, nacho ni picha ya Yesaji.

Picha hiyo ilitundikwa sebuleni ikitazamana na mlango, ili mgeni amwone Yesaji kabla hajaiona chai. Yesaji Shelar alikuwa babu wa marehemu mumewe, na alipigwa picha enzi za Waingereza, wakati wa vita vikuu vya kwanza, askari wa Kimaratha walipopelekwa Basra kwa maelfu. Amesimama wima. Kilemba kimekaa sawasawa, masharubu yamepinda juu kama mkia wa nge, mkono mmoja uko juu ya upanga. Lakini aliyeitazama picha hiyo hakumaliza kukitazama kifua. Kilikuwa kifua kipana, kimejaa vifungo vinavyong'aa, na upande wa kushoto nishani tano zimepangwa kama vyombo vya shaba kwenye rafu ya jikoni. Chini yake, kwa rangi nyeupe, mtu ameandika: Subedari.

Na usubedari wa siku zile haukuwa mchezo. Subedari alikuwa ofisa Mhindi ambaye askari wote wa Kihindi walimpigia saluti. Ni kweli kwamba Mwingereza mwenye chunusi aliyeshuka melini jana bado alikuwa juu yake. Lakini Mwingereza huyo aliondoka na meli yake, na subedari akarudi kijijini na cheo chake.

Katika Borjaiwadi, cheo hicho kilikuwa na kazi. Kila mwaka, kwenye sikukuu ya Bhairoba, mungu wa kijiji, sanamu yake hupandishwa kwenye machela na kuzungushwa vitongoji vyote kwa ngoma na unga mwekundu. Machela haitoki hekaluni mpaka nazi ya kwanza ivunjwe miguuni pake, na nazi hiyo huvunjwa na nyumba ya Subedari. Taabu ni kwamba nyumba zilizosema subedari ni wao zilikuwa mbili: akina Shelar wa juu ya kisima, na akina Nikam wa chini ya kisima.

Wakati wa uhai wa mumewe, jambo hilo halikuwa na mjadala. Marehemu Jaysing alikuwa na sauti. Alikuwa akisimama mbele ya machela, anasema neno moja tu, "Nazi!", na mbuzi waliokuwa wamesimama wanalala chini. Alipewa nazi bila mtu kuuliza. Alipofariki, nyumba ikiwa bado katika msiba, Baburao Nikam alijifunga kilemba cha rangi ya waridi akaenda kuivunja yeye. Tena aliivunja vibaya. Aliipiga jiweni ikagoma, akaipiga tena ikamponyoka, ikamrukia mpiga ngoma gotini. Lakini mwaka uliofuata alikuwa amefanya mazoezi nyuma ya nyumba, mpaka watoto wa Nikam wakawa wanalia wakiona mchuzi wa nazi. Akaivunja kwa pigo moja, watu wakashangilia. Mwalimu Vatsala akaona heshima ya nyumba inahama mbele ya macho yake, kama mtu anavyotazama ng'ombe wake akiingia zizi la jirani.

Mwanawe Abhijit alifanya kazi ya ofisini Pune. Alikuwa kijana mwema, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba apishwe. Kwa "Nazi!" ya Abhijit hata kuku asingegeuka.

Basi Mwalimu alikwenda kwa Hanmant, mwenyekiti wa kijiji.

"Mwalimu," alisema Hanmant akishika kichwa, "Baburao ametoka hapa sasa hivi. Kiti bado kina joto. Mimi nimechoka na nyinyi. Leteni ushahidi. Siku ya machela kutoka, kabla haijanyanyuliwa, kamati itakaa hekaluni. Atakayeonyesha kwamba babu yake alikuwa subedari kweli, nazi ni yake na wajukuu wa wajukuu wake. Nami nitakula chakula changu kwa amani."

"Ushahidi ninao ukutani."

"Na Baburao naye anao ukutani. Ndiyo maana nasema ushahidi."

Mwalimu alirudi nyumbani akaishusha picha, akaifunga kwa shuka la pamba kama mtoto mchanga. Mkaza mwana wake Manjiri, mwanamke wa Kolhapur asiyejua kunyamaza, alisimama mlangoni na mikono imejaa unga wa mtama.

"Mama, unampeleka wapi babu?"

"Belgaum. Kwenye makumbusho ya jeshi. Historia haifanywi kwa makelele ya kisimani, inafanywa kwa utafiti. Nataka wataalamu wazisome nishani hizi moja moja, waniambie kila moja aliipata wapi. Nikirudi, Baburao atatafuta pa kujificha."

"Basi na mimi nakuja. Nani atambeba babu? Ana kilo nyingi kuliko alivyokuwa hai."

Basini picha ilipewa kiti cha dirishani. Kondakta alipotaka kumketisha abiria pale, Mwalimu alimtazama tu, na kondakta akakumbuka mambo ya zamani, akaenda zake.

Makumbusho yalisimamiwa na mzee Gavade, askari mstaafu mwenye mgongo ulionyooka kama fimbo ya bendera. Aliipokea picha kwa mikono miwili, akaisimamisha mezani, akapiga saluti. Mwalimu alimtazama Manjiri kana kwamba anamwambia: unaona? Kisha mzee Gavade akavaa miwani, akainama. Akakaa ameinama muda mrefu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama," alisema, "huyu marehemu alizaliwa lini?"

Mwalimu alimtajia, kwa fahari, pamoja na jina la nyota.

"Basi hii nishani ya kwanza ni ya vita vilivyokwisha kabla mama yake hajaolewa."

"Labda alipewa kwa heshima ya ukoo."

"Labda. Ya pili ni ya China. Ya tatu hutolewa kwa mabaharia." Aliendelea kwa upole, kama daktari. "Vifungo ni vya wapanda farasi. Kola ni ya kikosi cha Magurkha, watu wa milimani. Upanga ni wa kiongozi wa bendi."

"Babu alikuwa na vipaji vingi," alisema Manjiri.

"Nyamaza, wewe. Na ya tano, mzee? Ile kubwa?"

Mzee Gavade alisogeza kioo cha kukuzia. Aliipenda kazi yake, na kazi yake haikumruhusu kusema uongo, lakini ilionekana alitamani ingemruhusu.

"Mama, hebu kaa kwanza. Unaona hiki kichwa kilichochorwa katikati? Unaona pembe? Hii ni nishani ya maonyesho ya mifugo. Zawadi ya dume bora."

Manjiri alitoka nje. Kupitia dirishani mabega yake yalionekana yakitikisika, na mlinzi akamletea maji.

Mwalimu hakukaa. Aliuliza kwa sauti ile ile ya darasani kama mzee Gavade ana uhakika, na mzee alisema anao. Kisha akampa la kumfariji: picha peke yake haimaanishi kwamba Yesaji hakuwa askari. Akitaka, angeweza kulitafuta jina lake katika kumbukumbu za kikosi, ingawa huchukua miezi. Na akamwonyesha maandishi madogo yaliyobanwa kwenye kadi chini ya picha: Deshnur na Wanawe, Wapiga Picha, karibu na soko la kambi. "Nadhani bado wapo. Kawaulize hao."

Studio ya Deshnur sasa ilipiga picha ndogo za vitambulisho na kurudufu karatasi. Mwenye studio, Basappa, mjukuu wa Deshnur wa kwanza, alikuwa mtu mnene mwenye furaha. Mwalimu alipoifungua picha, uso wake uling'aa kama aliyekutana na ndugu.

"Lo! Lile koti letu!"

"Koti lenu?" alisema Mwalimu.

"Ngojeni!" Akapotea nyuma ya pazia, vitu vikaanguka, akarudi akipiga chafya na kitu kimening'inia kwenye kiango. Mbele kilikuwa koti: kifua kile, vifungo vile, nishani zile tano, dume akiwa wa mwisho. Basappa akakigeuza. Nyuma hakukuwa na kitu. Palikuwa na kamba tu, kama za aproni.

"Babu yangu alikuwa na akili," alisema Basappa. "Makuruta walikuwa wanakuja makundi makundi siku ya kupanda treni, kila mmoja anataka picha ya kumwachia mama yake. Ukimvisha koti zima, umfunge vifungo, umfungue, treni imeondoka. Basi akanunua koti moja mnadani, akalikata, akaliacha kifua. Unamwekea mtu mbele, unamfunga kamba nyuma, picha, anayefuata. Na kile kipande cha mgongo hakukitupa, alikishonea koti la pili la wafupi."

"Na nishani?"

"Alizinunua hapo hapo sokoni. Mteja alitaka nishani, wewe utamkatalia? Anakwenda vitani. Anaweza asirudi."

"Na maandishi? Subedari?"

"Ah, hayo tuliyaongeza bure."

Manjiri alikuwa ameshika meza kwa mikono yote miwili. "Kwa hiyo, kaka Basappa," alisema kwa shida, "huyu babu wetu, hapo aliposimama, nyuma alikuwa..."

"Upepo mtupu, dada. Na Belgaum kuna baridi."

Mwalimu Vatsala aliifunga picha kwa shuka lake, fundo juu ya fundo. Alimshukuru Basappa, akaukataa mwaliko wa chai, akatoka barabarani na kichwa juu. Walipofika kituoni ndipo aliposema neno.

"Manjiri."

"Ndiyo, mama."

"Yesaji hakuwa mtu wa upepo mtupu. Alikuwa amevaa shuka lake la kiunoni, safi, lililofuliwa. Watu wa nyumba ile hawatoki bila shuka."

"Ndiyo, mama."

"Ukimwambia mtu, utarudi Kolhapur kwa miguu."

Njia nzima Mwalimu alitazama mashamba ya miwa bila kuyaona. Ushahidi hana tena, nazi hana, na kamati inakaa kesho kutwa. Lakini basi lilipokuwa likipanda kilima cha mwisho, wazo jingine lilimjia. Picha ya Nikam alikuwa anaisikia tu. Tangu aolewe hakuwahi kuvuka kizingiti cha nyumba ile, kwa sababu ya heshima. Akaona ni wakati wa kuvuka.

Asubuhi alitwaa bakuli la vitumbua vya ufuta na sukari guru, akashuka hadi chini ya kisima. Mke wa Baburao alipomwona aliangusha ndoo. Baburao mwenyewe, mtu mfupi mwenye tumbo la heshima, alitoka mbio akijifunga kilemba.

"Shemeji! Karibu, karibu. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba, shemeji. Jirani hawezi kumtembelea jirani?"

"Anaweza," alisema Baburao akikitazama kitumbua kama kinaweza kulipuka. "Ila hajawahi."

Kwenye ukuta wa sebule, chini ya shada la maua ya plastiki, alisimama babu Rakhmaji Nikam. Sura ilikuwa nyingine, pua ya Nikam ile ile ambayo kijiji kinaijua. Lakini kuanzia shingoni kwenda chini alikuwa Yesaji. Kifungo cha tatu kimelegea upande ule ule. Dume yupo.

Mwalimu alihisi furaha ikimpanda, na papo hapo hofu ikaipanda ile furaha mgongoni. Kumvua Baburao koti ni kumvua Yesaji.

"Shemeji," alisema polepole, "hii nishani ya tano babu aliipata wapi?"

"Hiyo!" Baburao akavuta kifua. "Hiyo ni ya Basra. Aliwashika maadui mikono mitupu. Jenerali mwenyewe alimbandika, machozi yakimtoka."

"Mbona ina pembe?"

"Pembe?"

"Panda kiti, utazame."

Baburao alipanda kiti. "Huyu ni simba, shemeji. Simba wa Uingereza."

"Simba ana pembe?"

"Wa kwao huenda wanazo. Mimi sijafika kwao."

"Baburao. Shuka."

Akashuka. Mwalimu alifunga mlango, akamweleza yote: koti, kamba, mnada, upepo. Aliposema dume bora, Baburao alikaa chini sakafuni, kilemba kikamfunika jicho moja. Kisha akainua uso ghafla.

"Nawe umejuaje? Umekwenda na picha gani?"

Mwalimu alilisogeza bakuli la vitumbua karibu naye. Ilikuwa mara ya kwanza Borjaiwadi kumwona akikosa jibu, na aliyeona ni Nikam.

"Haa!" Baburao alipiga goti. "Haaa! Na Yesaji pia! Hata yeye ana pembe!"

"Punguza sauti, mkeo atasikia."

"Na Jaysing alivyokuwa akinguruma pale! Nazi! Nazi! Kumbe ananguruma kwa nishani ya ng'ombe!"

"Mwache marehemu. Sikiliza. Kesho Hanmant akiziweka picha mbili pamoja, nyumba zote mbili zimekwisha. Watoto watatuimbia njiani. Unataka kuimbiwa?"

Baburao hakutaka. Walikaa wakala vitumbua vyote wakifikiri, na walipoagana walikuwa wamekubaliana jambo moja: kwa namna yoyote, picha zisitoke nyumbani. Kilichobaki kila mmoja alikipanga kivyake, na hapo ndipo walipokosea.

Kesho yake hekalu lilijaa. Machela ilikuwa imekwisha kupambwa, wapiga tarumbeta wanalowesha midomo. Hanmant alikaa katikati ya kamati.

"Haya, ushahidi. Mwalimu?"

Mwalimu Vatsala alisimama, akarekebisha pindo la sari. "Mheshimiwa mwenyekiti, nimefanya utafiti wa kina. Na katika utafiti wangu nimetambua kwamba heshima ya kweli ni kumpa mwenzako. Nyumba ya Shelar inaomba nazi wapewe akina Nikam."

Mpiga tarumbeta mmoja alimeza mate, na kila mtu akasikia.

Baburao aliruka juu, jasho likimtoka. Yeye naye alikuwa amejitayarisha. "Haiwezekani! Akina Nikam hawatakubali! Nazi ni ya shemeji!"

"Ni ya Nikam, nimekwisha sema."

"Ni ya Shelar, usinibishie!"

"Baburao, chukua nazi!"

"Sichukui! Hata ukinipiga nayo!"

"Wamekula nini hawa?" mtu aliuliza kwa nyuma. "Jana niliwaona pamoja na bakuli."

Lakini Hanmant, ambaye hakuwa amekula kwa amani kwa muda mrefu, alianza kulia. Alilia wazi, akijifuta kwa ncha ya kilemba. "Ndugu zangu! Mmeona? Chuki ya vizazi imekwisha leo! Basi nazi watashika pamoja, mkono wa Shelar na mkono wa Nikam. Na picha za mababu zetu hawa wawili zitapanda machela bega kwa bega, zizunguke kijiji kizima! Vijana, kazileteni!"

"Hapana!" walisema Mwalimu na Baburao kwa sauti moja.

"Ona wanavyojishusha!" alilia Hanmant. "Kimbieni!"

Vijana walikimbia. Mwalimu alimtafuta Manjiri kwa macho ili amwashirie afunge mlango, akamwona amekaa chini ya nguzo, amejifunika uso kwa sari, anatetemeka kwa kicheko. Msaada hapo haukuwapo.

Picha zililetwa zikasimamishwa ukutani. Yesaji, na kando yake Rakhmaji. Vichwa viwili, kifua kimoja mara mbili. Watu walitazama. Wakainamisha shingo upande mmoja, wakatazama. Wakainamisha upande mwingine.

"Walikuwa na fundi mmoja," alisema Hanmant, ambaye machozi bado yalimzuia kuona vizuri.

Ndipo bibi Gojara, muuza maua wa hekaluni, mwanamke asiyeona aibu ya kitu, aliposogea karibu kabisa. "Hicho si kifua cha baba mkwe wangu?"

"Bibi, huyu ni Subedari Shelar."

"Kichwa, ndiyo. Kifua ni cha baba mkwe. Mimi ndimi niliyekuwa nikikifuta kila sikukuu ya Dasara. Hata yule mbuzi nishanini namjua." Akaenda, akarudi na picha yake. Baba mkwe wake, aliyekuwa mshona viatu wa kikosi, amesimama na upanga, nishani tano. Subedari.

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuuzuia mlango. Mwenye duka alikwenda kuleta yake. Akina Salunkhe walileta. Kinyozi alileta mbili, kwa kuwa walikuwa ndugu. Mtu mmoja alimleta babu mfupi sana, na hapo Mwalimu, bila kutaka, alilitambua lile koti la pili. Ukuta mzima wa hekalu ukajaa masubedari, vichwa vya kila aina juu ya kifua kilekile, na wote wanakutazama kwa ukali. Borjaiwadi iligundua kwamba haikuwahi kupeleka vitani askari hata mmoja wa kawaida. Ilipeleka maofisa watupu.

Kicheko kilianzia kwa wapiga ngoma. Kikapita kamati, kikamfikia Hanmant, kikamkausha machozi. Na mtu akauliza lile swali: "Lakini imekuwaje?"

Watu walimgeukia Mwalimu. Angeweza kukaa kimya. Lakini darasa lilikuwa limeuliza swali, na jibu alikuwa nalo, na hilo lilikuwa zito kwake kuliko hofu. Alisimama mbele ya ukuta ule, akakiashiria kifua kwa fimbo ya kuwashia taa, akawafundisha: treni, makuruta, mnada, koti lililokatwa, kamba za nyuma. Hakuficha China wala mabaharia wala dume.

"Yaani nyuma, Mwalimu, walikuwa uchi?" aliuliza kinyozi.

"Walikuwa na mashuka yao ya kiunoni," alisema Mwalimu kwa ukali. "La wa kwetu lilikuwa safi. La wa kwenu sijui." Alingoja kicheko kipite. "Lakini sikilizeni. Koti ni la uongo. Treni ilikuwa ya kweli. Hawa wote walipanda. Baadhi yenu hapa mna picha tu, kaburi hamna. Walichofanya huko, nani kati yenu anajua? Mimi nimefundisha historia ya wafalme maisha yangu yote, na historia ya ukuta huu siijui."

Bibi Gojara alipangusa kioo chake kwa kiganja.

"Sasa nazi?" alisema Hanmant. "Subedari hatuna hata mmoja, au tuna ishirini. Machela imesimama."

Kamati ilinong'onezana. Uamuzi ulikuwa huu: mwaka huu nazi ivunjwe na kuhani, basi. Lakini mtu aende Belgaum, akae na wataalamu, atafute kila jina, na nyumba itakayoonekana ilikuwa na cheo cha juu kweli itavunja nazi kuanzia mwaka unaofuata. Na mtu wa kwenda alikuwa mmoja tu. "Ila, Mwalimu," alisema Hanmant, "huwezi kuwa mwamuzi na mshindani. Ukishika kazi hii, nyumba ya Shelar inatoka kwenye nazi. Moja kwa moja. Chagua."

Mwalimu aliitazama nazi mkononi mwa kuhani. Alimfikiria Jaysing na sauti yake, na mbuzi waliolala. Kisha aliutazama ukuta, nyumba zote za Borjaiwadi, na heshima ya kila moja ikining'inia kwenye kamba mbili mgongoni.

"Nazi huvunjwa mara moja kwa mwaka," alisema. "Andikeni majina, myalete kwangu. Kwa mwandiko unaosomeka."

Kabla machela haijamaliza mzunguko, watu walikuwa wameanza kupanda juu ya kisima. Walikuja mmoja mmoja, kwa visingizio. Huyu ameleta maziwa, huyu amepita tu. Kila mmoja, akishamaliza chai, alisogeza kiti na kushusha sauti: "Mwalimu, ukikuta ni kitu kibaya, niambie mimi peke yangu." Mwenye duka alitaka kujua kama upishi wa jeshi unahesabiwa kuwa cheo. Kinyozi aliomba wale ndugu wawili wapewe matokeo yanayolingana, wasije wakagombana huko waliko. Manjiri alilazimika kununua vikombe vipya.

Kuhusu Yesaji mwenyewe, jibu la mzee Gavade lilifika baada ya mvua. Mwalimu alilisoma akiwa amesimama, akalikunja, akakaa. Alichokuwa Yesaji huko Basra kinajulikana na Mwalimu na mkaza mwana wake, nacho ni cha familia. Itoshe kusema kwamba picha haikushushwa, na kwamba tangu siku ile Mwalimu hakumruhusu mtu yeyote kuwasema vibaya nyumbu wa kubeba mizigo, wala wanaowachunga, mbele yake.

Baburao alikuja wa mwisho, amebeba bonge la sukari guru la ukubwa wa kichwa cha ndama.

"Shemeji," alisema, "sisemi subedari. Hata jemadari, cheo kimoja tu chini yake. Hata havildari, yaani sajini tu, nitashukuru."

"Baburao, hii ni hongo?"

"Ni sukari."

"Iweke pale jikoni, na wewe ukae kule nyuma ya bibi Gojara. Kuna foleni."

Akaenda, akakaa nyuma ya bibi Gojara.